Kiatu Kwanza, Kitabu Baadaye

Hakuniamini hata siku moja, na tulijuana kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wengine wana jirani wa kuwasalimu na kuwaombea heri. Mimi nilikuwa na yeye, na kila niliporudi Machakos kutoka kokote nilikokuwa nimezurura, alitazama kwanza miguu yangu, halafu uso.

Tulimwita Mama Katuni. Alikuwa akikodisha vitabu vya katuni kando ya ukuta wa posta, hatua chache kutoka kwa wapiga viatu rangi, nao walimcheka kwamba anawaharibia biashara kwa sababu wateja wake walikuwa wakitembea na kiatu kimoja. Vitabu vilikaa ndani ya kreti za soda za mbao, kreti zikakaa juu ya gunia, na yeye akakaa juu ya kigoda mahali ambapo angeweza kuona kila mkono. Hukuruhusiwa kwenda na kitabu nyumbani. Ulisoma papo hapo, kwenye benchi refu, mgongo ukiwa ukutani. Na kabla hujakipata ulivua kiatu cha kulia ukampa.

“Kiatu kwanza, kitabu baadaye,” alisema, hata kwa mtu aliyekuwa akija kila Jumamosi tangu aanze kujua kusoma.

Kiatu alikichunguza. Alitia mkono ndani, akakunja soli, akatafuta tundu. Kiatu chenye tundu hakikupita.

“Hiki mamako ameshakisahau,” alikuambia. “Lete kingine.”

Akala za tairi alichukua zote mbili, kwa hoja kwamba akala moja si kitu. Waliokuja bila viatu aliwaacha wasome bila rehani, na hapo ndipo hatukumwelewa, maana mtoto aliyezoea kutembea pekupeku ndiye hukimbia kuliko wote. Mimi na wenzangu tuliona mlango hapo. Tukaficha viatu vyetu ndani ya ua wa miti, tukaja peku tukiwa na nyuso za huruma. Aliniinua mguu kama mtu anayenunua mbuzi, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino.

“Huu mguu umelala na soksi,” alisema. “Nenda ukatoe kiatu kwa hiyo fensi, kavisi, kabla mbwa hajakibeba.”

Kavisi ni kijana mdogo kwa Kikamba. Aliendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kupata mvi.

Mikono nayo ilikaguliwa. Palikuwa na beseni na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa uzi ili kisiende popote. Msimu wa maembe alinusa vidole vya kila mtu. Kulamba kidole ili ufungue ukurasa lilikuwa kosa la kufukuzwa, ingawa yeye mwenyewe, akihesabu kurasa uliporudisha kitabu, alilamba kidole kwa raha zake. Ukimtazama sana alisema, “Mate yangu ni ya mwenyewe.”

Kanisani alikuwa mzee wa kina mama, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na aliheshimiwa. Lakini aliomba macho wazi. Najua kwa sababu Jumapili moja yangu pia yalikuwa wazi. Tukatazamana juu ya vichwa vilivyoinamishwa, kila mmoja akijiuliza mwenzake anatafuta nini. Mhubiri mgeni alikuja wakati fulani akahubiri vikali juu ya vitabu vyenye picha za watu wanaoruka angani, akasema ni mafunzo ya uchawi. Nusu ya kanisa ikageuka kumtazama Mama Katuni. Yeye aliitikia amina. Jumatatu nilipopita baada ya shule, niliona amepanga kreti upya: mashujaa wanaotembea kwa miguu juu, wanaoruka chini kabisa.

“Wanaoruka wakae hapo chini mpaka mchungaji aende kwao,” aliniambia. “Na wewe usiseme nimesema.”

Kulikuwa na fununu kwamba hajui kusoma, kwamba anatazama picha tu. Mimi sikuiamini. Siku moja nilifukuzwa shule kwa ajili ya karo nikampitia saa ya mchana ambayo hakuna mtoto mjini, nikamkuta peke yake, kitabu magotini, leso mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Aliponiona alikifunga haraka.

“Unaangalia nini? Nilikuwa nahesabu kurasa.”

Alivisoma vyote. Hilo lilikuwa wazi kwa sababu ungeweza kumwuliza hadithi yoyote inaanzaje naye akakuambia, mpaka katikati, kwa sauti zote na vishindo vyote. Mwisho hakukuambia. Ukimbembeleza, ukimlilia, ukimwambia unasafiri, jibu lilikuwa moja: “Mwisho unasomwa. Hausimuliwi.”

Sasa nije kwenye kiatu.

Katika kreti zake kulikuwa na katuni za nje zilizochakaa, na kulikuwa na chache za hapa kwetu, zenye karatasi nyembamba na wino unaobaki kwenye kidole. Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Fundi Radi. Alikuwa fundi wa baiskeli aliyekamata radi kwa pampu yake ya upepo, na baiskeli yoyote aliyoijaza ilikwenda kwa kishindo. Aliishi mahali penye vumbi na vilima kama hapa kwetu. Katika toleo moja pampu yake iliibiwa, na kitabu kikaishia hapo, Fundi Radi amekaa chini na tairi tupu mikononi. Baadaye tukasikia kwamba waliokuwa wakiichapisha wamefunga kazi, na kwamba toleo la mwisho lilitoka kidogo sana. Nakala moja ilifika Machakos. Kondakta mmoja wa basi alimletea Mama Katuni.

Jumamosi hiyo foleni ilifika kwa wapiga viatu rangi. Mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mvulana ambaye hakuna aliyemjua, mwenye sweta ya kijivu isiyo ya shule yoyote ya hapa. Kiatu chake kilikuwa cheusi, cha kamba, kipya, kimepigwa rangi kikang'aa. Mama Katuni alikikunja soli, akatia mkono ndani, akaridhika. Nadhani hilo ndilo kosa pekee nililowahi kumwona akifanya. Alikiamini kiatu. Alidhani kwamba hakuna mtoto duniani anayeweza kwenda nyumbani na kumweleza mama yake habari za kiatu kipya kilichobaki mjini.

Nami nilikuwa nimekwisha toa changu, nimeketi mwisho wa benchi, upande wa njia, nikingoja zamu. Yule mvulana alisoma polepole. Alipofika karibu na mwisho alisimama, akaniambia “samahani,” kwa sauti ya heshima kabisa. Nikakunja miguu apite. Nyumbani ndivyo nilivyofundishwa; mtu akitaka kupita, unakunja miguu.

Akapita. Kisha akakimbia, kitabu ndani ya sweta, kuelekea sokoni, soksi moja nyeupe ikipiga lami.

Mama Katuni hakumfuata. Alinigeukia mimi.

“Ulikunja miguu,” alisema.

“Alisema samahani, mwaitu.”

“Na wewe ukakunja.”

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama mwenye heshima zake. Haikunisaidia. Kiatu changu alikaa nacho mpaka mama yangu alipokuja mwenyewe, na hata alipokirudisha alinitazama kama mtu anayemwachilia mshukiwa kwa kukosa ushahidi. Kile cheusi cha mvulana alikitoboa kwa msumari akakitundika, na alipohama kutoka ukutani akajenga kibanda cha mbao, kiatu kilihama naye. Kila aliyeingia alikiona. Aliyeuliza aliambiwa: “Kinangoja mwenyewe.”

Nilimaliza kidato cha nne na sikukaa. Sijui ni nini hunisukuma. Nikilala mahali miaka miwili naanza kuota stendi za mabasi. Nimekuwa utingo wa lori, nimechuma kahawa Kangundo, nimelinda ghala, nimekuwa na duka Katangi ambalo nilimwachia shemeji. Lakini kila mara hurudi Machakos, na kila nikirudi lazima nipite pale, kama ulimi unaokwenda kwenye jino bovu.

“Umerudi,” angesema, akitazama miguu. “Mwenzako hajambo?”

“Sina mwenzangu, mwaitu. Simjui yule.”

“Haya.”

Na haya yake ilikuwa ndefu, yenye mlango wazi nyuma yake. Wakati mwingine nilimwomba aniambie tu, kama mtu mzima na mtu mzima, kama Fundi Radi aliipata pampu. Nilikuwa nimefikiria miisho mingi barabarani, usingizi ukikataa. Alikataa. “Muulize mwenzako,” alisema. “Yeye alisoma.”

Watoto waliacha kuja, simu zikawachukua. Akaanza kuuza karatasi za mitihani ya zamani na kalamu. Katuni alizifunga kwa nailoni, kitabu kimoja kimoja, akazirudisha kwenye kreti na kuziweka chini ya meza.

Mwaka huu nilikuwa Kyumbi, kwenye njia panda, nikiuza viatu vya mitumba, aliponipigia simu. Sijui nambari aliipata wapi.

“Ni mimi,” alisema. “Kuna vijana wanataka vitabu vyangu. Wanasema ni tamasha, watu wanaopenda katuni wanakutana ukumbini, wanaonyeshana. Hawataki kununua, wanataka kuonyesha. Mtu anakuja kwako, hanunui, haombi, anataka nini?”

“Sijui, mwaitu.”

“Hata mimi. Kuja Jumamosi ubebe kreti.”

“Mbona mimi?”

“Afadhali mwizi ninayemjua,” alisema, akakata.

Nilikuja. Njiani niliwaza, nikaona ana haki ya kuogopa. Vijana waliomfuata walikuwa na adabu nyingi mno, walimletea hata maziwa ya mtindi, na mimi nimeishi mijini vya kutosha kujua kwamba adabu ya namna hiyo hutangulia jambo. Nilijiambia nitasimama karibu na mlango. Kreti yoyote ikitoka, inatoka juu ya maiti yangu.

Nje ya ukumbi mtu wa boda boda aliyekuwa akingoja abiria alitutazama tukishusha mizigo.

“Mzee, unaingiza mama huko?” aliniuliza. “Hao ni watu wa shetani. Angalia huyo ana pembe.”

Kweli palikuwa na mmoja mwenye pembe za karatasi ngumu. Mwingine alikuwa na mabawa. Watatu walikuwa na majoho, na mmoja, kijana mnene mwenye uso mpole, alikuwa amevaa sufuria kichwani, imepakwa rangi ya fedha. Mama Katuni aliwakagua mmoja mmoja.

“Shetani hawezi kuvaa sufuria,” alimwambia mtu wa boda. “Tuingie.”

Mlangoni tulipokewa na msichana mwenye nywele za kijani za kubandika, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa shughuli.

“Shosh! Niaje? Karibu sana, tumekungoja!”

“Mimi si shosho wala nyanya yako. Mamako anajua uko hapa?”

“Anajua. Ni yeye alinishonea hii.” Aligeuka, joho likapepea.

Mama Katuni alishika ncha ya joho, akaligeuza kuona mshono wa ndani. “Pindo limeenda kombo,” alisema, lakini nilimjua. Alikuwa ametulia kidogo. Msichana mwenye mama anayeshona hawezi kuwa wa genge kubwa.

Walikuwa wamemwekea meza yenye kitambaa, na juu yake kibao kilichoandikwa HAZINA YA MACHAKOS. Alikilaza kifudifudi.

“Ukiandika hazina unaita wezi,” alisema.

Kijana mmoja akainua simu apige picha kurasa za kitabu. Aliwekewa mkono juu ya kioo.

“Hapana. Hiyo ni kuiba bila kubeba. Unataka kusoma?”

“Eeh, nataka, shosh… mama.”

“Vua kiatu.”

Nilidhani ndiyo mwisho wa shughuli yetu, kwamba watacheka waende zao. Walicheka, ndiyo. Halafu wakapanga foleni. Sijawahi kuona jambo kama lile. Kijana wa sufuria alitoa buti lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa mpaka gotini, ikabidi wenzake wawili wamvute. Mwenye mabawa alitoa raba. Mama Katuni alikunja kila soli na kutia mkono ndani ya kila kiatu, na msichana wa nywele za kijani alipoambiwa kwamba chake kina tundu, akalete cha mwenzake, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilikabidhiwa kulinda viatu. Nilivipanga chini ya meza kama ninavyopanga bidhaa yangu Kyumbi, na nilipoinua kichwa niliona ukumbi umejaa mashujaa wakichechemea, wameketi sakafuni, wakisoma vitabu ambavyo nilidhani havitasomwa tena. Hata hivyo sikuondoa macho mlangoni.

Kisha mgeni wa heshima akapanda jukwaani. Alikuwa mchoraji kutoka Nairobi, mtu mkubwa wa mwili, ndevu zilizochanwa, viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia ambavyo mimi kwa kazi yangu niliviona kabla ya kumwona yeye. Vijana walimshangilia hadi dirisha likatetemeka. Ilisemekana michoro yake inasomwa mpaka ng'ambo.

“Watu huniuliza nilianzia wapi,” alisema kwenye kipaza sauti. “Nilianzia hapa hapa. Nilikuwa nimekuja likizo kwa shangazi, mvulana mdogo tu. Na kulikuwa na mama mmoja pale posta, sijui kama bado yuko hai, aliniazima kitabu kimoja. Hicho kitabu ndicho kilinifanya mchoraji.”

Makofi. Mama Katuni hakupiga.

“Aliniazima,” alisema, polepole, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yameharibika.

Aliinama kwenye kreti ya mwisho, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni. Nilijua ni nini kabla hajakifungua. Nikajua pia kwamba alikuwa amekibeba kutoka nyumbani, kwamba hakuja kwa ajili ya maonyesho wala kwa ajili ya mtindi. Popote watu wanaopenda katuni watakapokusanyika, aliwaza, mwizi wa katuni hatakosa.

“Mwaitu,” nilimwambia, “usimpige.”

“Nani amesema kupiga? Kaa na viatu.”

Sikukaa. Nilimfuata. Alipanga foleni pamoja na waliotaka sahihi, nyuma ya mwenye pembe, akasubiri zamu yake bila kumsukuma mtu. Alipofika mezani mchoraji alikuwa ameinamia karatasi.

“Jina?” aliuliza, kalamu tayari.

Aliweka kiatu juu ya karatasi.

Mchoraji alikitazama. Kilikuwa kimekauka, kimepinda ncha, na tundu la msumari kwenye kisigino. Alikigusa kamba kwa kidole. Alipoinua uso, ndevu zote hazikumsaidia. Alikuwa na uso wa yule mvulana aliyesema samahani.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba. Kitabu changu.”

Msichana wa nywele za kijani alianza kusogea, akaona heri asimame.

“Sina,” alisema mchoraji. “Mama yangu alikichoma. Nilikuwa nimekificha chini ya godoro, akakiona, akaona kwenye jalada mtu anapuliza radi na pampu, akasema ni uchawi. Alikiweka kwa jiko. Mama, haki ya Mungu nilikuwa nirudishe likizo ile nyingine. Nilitaka tu kukaa nacho.”

“Na kiatu ulimwambia nini?”

“Nilimwambia nilitumbukiza mtoni.”

“Akaamini?”

“Alinichapa.”

“Vizuri.” Alifikiri. “Na baada ya kuchomwa, ukafanya nini?”

“Nililia. Halafu nikaanza kukichora, nilichokumbuka. Nimekichora mara nyingi. Ndio maana ninasema…”

“Chora.”

“Sasa?”

“Uko na kalamu.”

Akachukua karatasi kubwa akachora. Nilisogea nyuma ya bega lake kabisa, sikujali. Mstari, mstari, kilima, kibanda, na huyo hapo Fundi Radi, amekaa na tairi tupu mikononi, kama nilivyomwacha nikiwa mtoto. Mama Katuni aliinama na kutazama kwa jicho lile la kukagua soli.

“Pampu ilikuwa imetundikwa huku, kabla haijaibiwa. Msumari ulibaki. Umesahau msumari.”

Akaongeza msumari.

“Na hapa palikuwa na mbuzi.”

“Mbuzi gani?”

“Mbuzi. Amesimama nyuma ya ua, anatazama.”

Mchoraji alisimamisha kalamu. Akafunga macho, na ghafla akacheka kwa sauti, akajifuta jicho kwa mkono wa shati. “Kweli,” alisema. “Kulikuwa na mbuzi. Miaka hii yote najiuliza pale pembeni panakosa nini.”

Alimchora mbuzi. Hapo ndipo Mama Katuni alipogeuka, akanishika mkono wa shati, akanivuta mbele.

“Huyu,” alimwuliza. “Huyu alikuwa mwenzako?”

Nilisimama pale na mvi zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba swali hilo litaulizwa mbele ya mtu anayejua jibu. Mchoraji alinitazama kwa hisani, kama wageni wa heshima wanavyotazama watu.

“Huyu? Simjui.”

“Alikaa mwisho wa benchi. Alikukunjia miguu.”

“Nakumbuka benchi,” alisema. “Nakumbuka ukuta ulikuwa wa joto. Sikuona mtu, mama.”

Nilitegemea kufurahi. Nilikuwa nimesafishwa, hadharani, na mwizi mwenyewe. Lakini nilibeba jina la mwenzake katika miji yote ile, na kumbe yeye hakuniona hata miguu. Nikamtazama Mama Katuni nione kama atasema neno.

“Haya,” alisema. Ilikuwa haya ile ile.

Mchoraji alimpa ile karatasi kwa mikono miwili. “Nitakichora chote,” alisema. “Kurasa zote mpaka mwisho. Nikifika Nairobi nitaanza, nikutumie.”

“Sawa. Nipe kiatu.”

Akadhani hajasikia vizuri. Alisukuma kile kidogo cheusi kuelekea kwake. “Kiatu si unacho, mama?”

“Hiki kinakutosha?”

Akautazama mguu wake mkubwa.

“Hiki ni cha kile kilichochomwa,” alisema Mama Katuni. “Ninataka cha hiki kinachokuja. Cha kulia.”

Mgeni wa heshima aliangaza macho akitafuta waandalizi wamwokoe. Lakini kila aliyemtazama, mwenye pembe, mwenye mabawa, msichana wa nywele za kijani, kijana wa sufuria, alikuwa amesimama kwa kiatu kimoja. Hapakuwa na mtu mle ndani wa kumtetea. Akainama akafungua kamba. Mama Katuni alikikunja kile kiatu cha kahawia, akatia mkono ndani, akatafuta tundu, akaridhika. Na yule mtu mkubwa akatoka kwenda kwenye gari lake, vijana wakimsindikiza kwa vifijo, soksi moja ikipiga lami.

Nilipokuwa nikifunga kreti nilimwambia nilichofikiri. Mtu kama yule ana viatu kabati zima. Haoni shida kuacha kimoja Machakos. Alikwisha acha kimoja.

“Hatarudi, mwaitu.”

“Labda.”

“Basi unamwamini?”

“Ningemwamini ningechukua kiatu?” alisema. “Hesabu vitabu.”

Kyumbi palianza kunichosha muda mfupi baadaye. Viatu vilikuwa vinanunuliwa, lakini nilikuwa nimeanza kuota stendi. Nikauza mzigo uliobaki, nikafunga begi, nikaamua nijaribu Kitui. Basi lilikuwa linapakia Machakos, na kwa kuwa halikuwa limejaa nilimpitia kumuaga.

Msumarini kulikuwa na viatu viwili, kidogo cheusi na kikubwa cha kahawia. Benchi la zamani lilikuwa limetolewa likawekwa tena kando ya kibanda. Vijana kadhaa walikuwa wameketi, wakisoma, kila mmoja na soksi yake. Nilimtambua msichana wa tamasha ingawa nywele zilikuwa nyeusi.

“Umerudi,” alisema Mama Katuni, akitazama miguu yangu, halafu begi. “Na unaenda.”

“Kitui. Yule hakuja, sivyo?”

“Alikuja. Ameleta nusu.”

“Nusu?”

“Alikuja na malapa.” Alitikisa kichwa, na nadhani kulikuwa na heshima kidogo ndani yake. “Mtu anayekuja kwangu na malapa amejipanga asiache kiatu kingine. Nusu ingine anachora. Akileta ya mwisho, atapewa kiatu.”

Alivuta kreti kutoka chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni mpya. Hakunipa. Alikishika kifuani, akanitazama.

“Si wewe ulikuwa wa pili?”

“Mimi ndiye nilikuwa wa pili.”

“Vua.”

Niliweka begi chini. Nikavua cha kulia. Alitia mkono ndani, akakunja soli, akanusa vidole vyangu ingawa si msimu wa maembe, akakisukuma kiatu chini ya kigoda chake. Kwenye benchi nafasi ilikuwa moja tu, mwisho, upande wa njia. Nikaketi, kitabu magotini, na kama kawaida yangu nikakunja miguu.

“Wewe,” alisema. “Nyoosha miguu.”

“Mtu akitaka kupita je, mwaitu?”

“Ndiyo hiyo. Nyoosha.”

Kule stendi basi la Kitui lilipiga honi, kisha likapiga tena. Nikanyoosha miguu yote miwili mpaka ikaziba njia, nikafungua ukurasa wa kwanza bila kulamba kidole. Mbuzi alikuwepo, nyuma ya ua, anatazama.